Kupanga upya safuwima za mwonekano wa hifadhidata: je, ipo zana ya kuaminika?

Mtunza_Majedwali aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Nasimamia hifadhidata inayoendeshwa kwa PostgreSQL, mfumo wa kuhifadhi na kusimamia data, toleo la 15. Ndani yake upo mwonekano mmoja, yaani hoja (ombi la kusoma data) ya SELECT iliyohifadhiwa kwa jina ili isomwe kama jedwali, ambao unakusanya taarifa za wateja kutoka majedwali manne. Mwonekano huo, unaoitwa taarifa_wateja, una safuwima 38. Ulipoanzishwa ulikuwa na 19 tu, tena zimepangwa vizuri. Zilizobaki ziliongezwa moja baada ya nyingine kadiri mahitaji yalivyojitokeza, na kila moja iliwekwa mwishoni kwa kuwa hapo ndipo PostgreSQL ilipokubali kuipokea. Hivi sasa jina la mteja liko katika safuwima ya 3 ilhali namba yake ya simu iko katika ya 31. Tarehe ya ankara iko katika ya 9 na tarehe ya malipo katika ya 36. Wenzangu wanaosoma taarifa hii kutwa nzima hulazimika kusogeza skrini kulia na kushoto, na mara mbili nimeshuhudia mtu akimsomea mteja kiasi cha mteja mwingine kwa sababu jicho lilihama mstari katikati ya safari hiyo ndefu.

Nimejaribu njia tatu. Kwanza, katika DBeaver, programu ya kutazama hifadhidata, niliburuta vichwa vya safuwima hadi nikapata mpangilio ninaoutaka, nikafurahi, kisha nikagundua kwamba mpangilio ule unaonekana kwenye kompyuta yangu pekee. Pili, niliandika CREATE OR REPLACE VIEW, amri ya kuunda mwonekano au kubadilisha uliopo, nikiwa nimezipanga safuwima upya, lakini seva ilikataa na kudai kwamba haiwezi kubadilisha jina la safuwima fulani kuwa jina jingine, ingawa sikuwa nimebadilisha jina lolote. Tatu, nilitaka kuufuta mwonekano na kuuunda upya, nikaambiwa kwamba ipo mionekano mingine inayoutegemea na kwamba naweza kutumia CASCADE, yaani kuufuta pamoja na vyote vinavyoutegemea. Hapo niliogopa, nikaacha.

Maswali yangu ni haya: je, ipo zana inayoniwezesha kuburuta safuwima kwenye skrini, kisha ikaandika mpangilio huo ndani ya mwonekano wenyewe kwa usalama? Kwa nini PostgreSQL ikatae jambo linaloonekana dogo kiasi hiki? Na je, mpangilio wa safuwima una athari yoyote kwa kasi ya hoja?

Natanguliza shukrani.

Fundi_Hoja alijibu:

Ndugu Mtunza_Majedwali, umeeleza tatizo lako vizuri, nami nitaanza na swali la pili, kwa kuwa ukilielewa hilo utajua ni zana ipi ya kutafuta na ipi ya kuepuka.

Ndani ya PostgreSQL kila safuwima ya mwonekano ina namba yake ya mfululizo, inayohifadhiwa katika katalogi (jedwali la ndani la mfumo) iitwayo pg_attribute chini ya jina attnum. Mwonekano mwingine unapojengwa juu ya ule wa kwanza, PostgreSQL haihifadhi maandishi uliyoyaandika; huhifadhi mti wa hoja iliyokwisha kuchambuliwa, na ndani ya mti huo rejea zote ni za namba: "safuwima ya 31 ya uhusiano fulani", uhusiano ukiwa ni jedwali au mwonekano. Sasa fikiri ungeruhusiwa kuihamisha simu kutoka nafasi ya 31 hadi ya 4 kwa CREATE OR REPLACE. Mwonekano wa juu ungeendelea kuomba safuwima ya 31, nao ungepewa kitu kingine kabisa. Kwa sababu hiyo amri ile hulinganisha orodha mpya na ya zamani nafasi kwa nafasi: majina na aina za data lazima zilingane, na kinachoruhusiwa ni kuongeza safuwima mpya mwishoni. Kama uliweka simu mahali pa anwani, kwa mfano, PostgreSQL haikuona uhamisho. Iliona mtu anayejaribu kuibatiza jina jipya safuwima ya nne, ndiyo maana ujumbe wa hitilafu ukazungumzia majina.

Hifadhidata nyingine zina tabia tofauti, na ni vema kulijua hilo kabla ya kufuata maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya mfumo mwingine. MySQL hukubali CREATE OR REPLACE VIEW kwa mpangilio wowote. Katika SQL Server unaweza kutumia ALTER VIEW, nayo huacha ruhusa zote zikiwa salama. Oracle nayo hubadilisha mwonekano kwa CREATE OR REPLACE bila kupoteza ruhusa zilizokwisha kutolewa. SQLite iko upande wa pili kabisa: haina ALTER VIEW wala CREATE OR REPLACE VIEW, hivyo kila badiliko maana yake ni kufuta na kuunda tena.

Kuhusu kasi, ondoa wasiwasi. Mwonekano wa kawaida hauhifadhi data. Hoja yake hupanuliwa kila unaposomwa, na mpangilio wa safuwima hauna athari unayoweza kuipima. Pengine ulisikia kwamba mpangilio una maana kwa majedwali halisi, na hilo ni kweli kwa kiasi chake: PostgreSQL hupanga data ndani ya safumlalo kwa kufuata mipaka ya baiti, kwa hiyo ukiweka safuwima ya boolean yenye baiti 1 kabla ya bigint, inayohitaji kuanzia kwenye mpaka wa baiti 8, zinaweza kupotea baiti 7 za nafasi tupu kwa kila safumlalo. Lakini hilo ni la jedwali. Mwonekano hauna baiti za kupoteza.

Nikirudi kwenye zana: zinazoitwa zana za kupanga safuwima ni za aina mbili, na watu huzichanganya. Aina ya kwanza hupanga kile unachokiona tu. DBeaver uliyoitumia iko hapa. phpMyAdmin pia, kwa wanaotumia MySQL au MariaDB: unaburuta vichwa vya safuwima, na ikiwa hifadhi yake ya mipangilio imewashwa, mpangilio wako huwekwa katika jedwali liitwalo pma__table_uiprefs na kukumbukwa kwa mtumiaji huyo. Microsoft Access hufanya vivyo hivyo kwa sifa iitwayo ColumnOrder, ambapo unaihamisha safuwima kwenye gridi na muundo wa jedwali hauguswi. Aina ya pili hubadilisha ufafanuzi wa mwonekano wenyewe, na kwa PostgreSQL zana yoyote ya namna hiyo, hata iwe na sura nzuri namna gani, haina budi kutekeleza DROP na CREATE nyuma ya pazia. Ushauri wangu ni kwamba kazi hiyo uiandike mwenyewe kwa mkono, ili ujue kila kinachofutwa.

Nguzo_ya_Data alijibu:

Nakubaliana na Fundi_Hoja, nami naongeza hatua zenyewe, kwa kuwa nimeifanya kazi hii mara nyingi.

Faida kubwa uliyonayo ni kwamba PostgreSQL huruhusu amri za muundo, kama CREATE na DROP, ndani ya muamala, yaani fungu la amri zinazokubaliwa zote au kubatilishwa zote. Unaweza kufuta mwonekano, kuuunda upya, kurudisha ruhusa, na iwapo chochote kitakwama katikati, ROLLBACK itarudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Kwa MySQL usitegemee jambo hili, kwa sababu huko amri za muundo hufunga muamala zenyewe papo hapo.

Kabla ya kufuta, tafuta kwanza kilichojengwa juu ya mwonekano huo. Katika pgAdmin, programu ya kusimamia PostgreSQL, upo ukurasa wa vitegemezi kwa kila kitu, lakini mimi hupendelea kuiuliza katalogi yenyewe:

SELECT DISTINCT r.ev_class::regclass
FROM pg_depend d
JOIN pg_rewrite r ON r.oid = d.objid
WHERE d.classid = 'pg_rewrite'::regclass
AND d.refclassid = 'pg_class'::regclass
AND d.refobjid = 'taarifa_wateja'::regclass
AND r.ev_class <> d.refobjid;

Hoja hii huonyesha ngazi moja tu. Ukipata mionekano miwili, rudia hoja kwa kila mmoja mpaka ufike juu kabisa. Baada ya hapo chukua ufafanuzi wa kila mwonekano kwa pg_get_viewdef. Zingatia kwamba ufafanuzi huo unatokana na ule mti uliokwisha kuchambuliwa, kwa hiyo maelezo uliyokuwa umeyaandika baada ya alama za "--" hayatakuwemo, na kila SELECT * itakuwa imepanuliwa kuwa orodha kamili ya safuwima zilizokuwepo siku ile mwonekano ulipoundwa. Kama chanzo asilia kipo katika hazina ya msimbo, tumia hicho.

Kisha muamala wenyewe, kwa umbo hili:

BEGIN;
SET LOCAL lock_timeout = '5s';
DROP VIEW muhtasari_madeni;
DROP VIEW taarifa_wateja;
CREATE VIEW taarifa_wateja AS SELECT ... ;
CREATE VIEW muhtasari_madeni AS SELECT ... ;
GRANT SELECT ON taarifa_wateja, muhtasari_madeni TO wasomaji;
COMMIT;

Mstari wa lock_timeout si pambo. DROP VIEW huhitaji kufuli la juu kabisa. Ikiwa kuna hoja ndefu inayousoma mwonekano, amri yako itasubiri, na wasomaji wote wanaokuja baada yako watapanga foleni nyuma yako. Ni heri ishindwe baada ya sekunde tano ukajaribu tena saa tulivu. Sijatumia CASCADE mahali popote, na nakuomba usiitumie: itafuta vitegemezi vyote bila kukurudishia hata kimoja.

Vitu ambavyo watu husahau kuvirudisha ni ruhusa, maelezo ya COMMENT ON, mmiliki wa mwonekano, na triga za INSTEAD OF (amri zinazojiendesha mtu anapojaribu kuandika kwenye mwonekano) kama zipo. Ukiwa na mwonekano wa aina ya materialized, unaohifadhi matokeo yake, nao ni habari nyingine, maana huo una data yake na faharasa zake, na vyote huondoka pamoja nao.

Jambo la mwisho ni funksheni. Funksheni inayotangaza kwamba inarudisha SETOF taarifa_wateja itakuzuia kufuta, na hilo ni jema, kwa sababu utaiona. Hatari iko kwa funksheni za PL/pgSQL, lugha ya kuandikia funksheni ndani ya PostgreSQL, zinazoutaja mwonekano ndani ya mwili wao. Mwili huo ni maandishi tu kwa PostgreSQL, na utegemezi wake hauandikwi popote katika pg_depend. Zitafute hivi:

SELECT oid::regprocedure FROM pg_proc
WHERE prosrc ILIKE '%taarifa_wateja%';

Jicho_Makini alijibu:

Ndugu zangu, maelezo yaliyotangulia ni sahihi, ila naona tumezungumzia sana vitegemezi ambavyo hifadhidata inavijua na kidogo mno vile isivyovijua. Naomba nieleze yaliyonikuta, kwa sababu hadi leo bado yananisumbua moyoni.

Katika kazi yangu ya awali nilikuwa na mwonekano unaofanana sana na huu. Niliombwa niweke safuwima ya kiasi kilicholipwa kabla ya kiasi kilichoankarishwa, kwa kuwa wahasibu walipenda kuziona hivyo. Nilifuata hatua zote: muamala, ruhusa, vitegemezi, kila kitu. Hakuna hitilafu hata moja iliyojitokeza. Kumbe ilikuwepo programu ndogo, iliyoandikwa na mtu aliyekwisha kuondoka, iliyokuwa ikisoma mwonekano ule kila usiku kwa SELECT * na kuchukua thamani kwa nafasi: ya saba iwe ankara, ya nane iwe malipo. Safuwima zote mbili zilikuwa za aina ya numeric. Programu haikulalamika, faili lilitoka na ukubwa uleule wa kawaida, na vichwa vya faili, ambavyo programu iliviandika yenyewe, viliendelea kusomeka kama kawaida.

Kwa siku tisa wateja waliokuwa na madeni walionekana wamelipa zaidi ya walichodaiwa, na waliolipa ziada kidogo kwa makosa, ambao walistahili kurudishiwa, walionekana wadaiwa na wakapelekewa barua. Mmoja wao alinipigia simu mwenyewe. Nilimsikiliza huku nikilitazama faili, na ndipo nilipouona mgeuko huo.

Kama ningehamisha tarehe mahali pa namba, programu ingevunjika usiku uleule wa kwanza na nisingekuwa na kisa cha kusimulia. Kwa hiyo ninapopitia badiliko la mpangilio, kitu cha kwanza ninachokiangalia ni safuwima za aina moja zinazobadilishana nafasi: kiasi na kiasi, tarehe na tarehe, jina la kwanza na jina la ukoo. Hizo ndizo zinazopita kimya.

Kwako, Mtunza_Majedwali, kabla ya kubadilisha chochote tafuta katika misimbo yote inayougusa mwonekano huo mambo haya: SELECT * inayofuatwa na usomaji kwa namba, kama vile getString(7) katika Java, ambako hesabu huanzia 1, au safu[6] katika Python, ambako huanzia 0. INSERT INTO... SELECT * isiyotaja orodha ya safuwima. UNION inayounganisha mwonekano huo na kitu kingine, kwa maana UNION hulinganisha kwa nafasi na haitazami majina kabisa. ORDER BY 2, yaani kupanga kwa namba ya safuwima, na ndugu zake. Na faili za CSV zinazosomwa na mfumo mwingine usiojali vichwa.

Mtunza_Majedwali alijibu:

Nawashukuru wote kwa moyo. Jicho_Makini, maneno yako yalinifanya niache kila kitu na kutafuta kwa siku mbili nzima.

Nimekuta haya. Mionekano miwili inautegemea ule mkuu, kama nilivyojua. Funksheni moja ya PL/pgSQL inautaja ndani ya mwili wake, lakini inataja safuwima kwa majina, kwa hiyo haina tatizo. Kisha nikaikuta kazi ya usiku inayonakili taarifa kwenda jedwali la kumbukumbu, na mstari wake unasema hivi: INSERT INTO kumbukumbu_wateja SELECT *, now() FROM taarifa_wateja. Haina orodha ya safuwima upande wowote. Nilipolinganisha na mpangilio niliokusudia, tarehe ya ankara na tarehe ya malipo zingebadilishana nafasi, zote zikiwa za aina ya date. Ingekuwa kama kisa chako hasa. Kuna pia faili la CSV linalotumwa kwa mfumo ambao sina uwezo wa kuufungua na kuona unavyosoma.

Kwa hiyo sasa nimekwama kwa namna nyingine. Nikirekebisha kazi ya usiku, bado sijui kuhusu lile faili. Je, niwaambie wenzangu kwamba haiwezekani?

Msomi_wa_Uhusiano alijibu:

Usiwaambie hivyo, kwa sababu inawezekana bila kuugusa mwonekano ule hata kidogo, na hapa natofautiana kwa heshima na Nguzo_ya_Data.

E. F. Codd alipoandika makala yake ya mwaka 1970 iliyoanzisha modeli ya uhusiano, alilitazama jambo hili moja kwa moja. Aliona kwamba mtumiaji hapaswi kulazimika kukumbuka mpangilio wa safuwima pale zinapokuwa nyingi, akapendekeza kwamba watumiaji washughulike na mahusiano ambayo safuwima zake hutambuliwa kwa majina na hazina mpangilio. SQL haikufuata pendekezo hilo kikamilifu: ilizipa safuwima majina na nafasi kwa pamoja, na matatizo yote yaliyosimuliwa hapa yanatokana na programu zilizoegemea nafasi. Mwonekano wako wa sasa unabeba kazi mbili zisizopatana. Kwa programu ni mkataba, na mkataba haubadilishwi bila kuwaarifu wote waliouingia. Kwa wenzako ni ukurasa wa kusoma, na ukurasa wa kusoma unapaswa kubadilika kila msomaji anapopata taabu. Zitenganishe kazi hizo.

Unda mwonekano mwingine juu ya ule wa zamani, wenye safuwima zilezile katika mpangilio wanaoutaka wasomaji:

CREATE VIEW taarifa_wateja_skrini AS
SELECT namba_mteja, jina, simu, barua_pepe,
ankara_tarehe, malipo_tarehe, ankara_kiasi, malipo_kiasi, ...
FROM taarifa_wateja;

Hakuna kinachofutwa, hakuna ruhusa inayopotea, kazi ya usiku haijui kama kuna kilichotokea. Kuhusu gharama, kipanga hoja cha PostgreSQL hukunjua mionekano rahisi ya namna hii na kuiunganisha na hoja ya ndani, kwa hiyo tabaka hili la ziada la kuchagua safuwima halitakuchelewesha. Wapatie wenzako ruhusa ya kusoma mwonekano mpya pekee. Kwa kawaida mwonekano husoma vilivyo chini yake kwa ruhusa za mmiliki wake, hivyo wasomaji hawatahitaji ruhusa ya kile cha chini. Ila kwa kuwa unatumia toleo la 15, hakikisha kwamba hakuna aliyewasha chaguo la security_invoker, lililoanza katika toleo hilo, maana likiwashwa ruhusa zitakazoangaliwa ni za msomaji mwenyewe.

Naona watu wengi hutafuta zana ya kuburuta kwa sababu wanadhani kazi ngumu ni kuandika orodha ya majina 38. Orodha hiyo utaiandika kwa dakika kumi. Kazi ngumu ni ile uliyoifanya kwa siku mbili, ya kujua nani anasoma kwa nafasi, na sijaona zana inayoifanya.

Nguzo_ya_Data alijibu:

Nakubali hoja ya Msomi_wa_Uhusiano kwa hali hii, hasa kwa sababu ya lile faili lisilofunguka. Nina hofu moja tu, nayo naisema kwa uzoefu: mionekano juu ya mionekano huongezeka. Leo kuna ya skrini, kesho kila idara itataka yake, na baada ya miaka mitatu utakuta tabaka tano ambazo hakuna anayethubutu kuzigusa. Weka kanuni tangu sasa kwamba mwonekano wenye kiambishi cha _skrini hausomwi na programu yoyote wala haujengewi kitu juu yake, na uiandike kanuni hiyo katika COMMENT ON VIEW ili atakayekuja baada yako aione. Ukiifuata, mpangilio wa _skrini utaweza kuufuta na kuuunda upya wakati wowote bila hofu, kwa kuwa hautakuwa na kitegemezi.

Tena, ikiwa wasomaji wanatofautiana katika matakwa yao, mpangilio usiuweke kwenye hifadhidata kwa namna ya mionekano. Uweke kama data: jedwali dogo lenye jina la mtumiaji, jina la safuwima na namba ya nafasi, na programu inayochora gridi ilisome jedwali hilo kabla ya kuchora. Hapo kuburuta kutafanya kazi kama ulivyotamani tangu mwanzo, na kitakachobadilika ni namba chache katika jedwali la mipangilio.

Fundi_Hoja alijibu:

Naongeza jambo moja dogo kwa atakayesoma mjadala huu akiwa na hali iliyo kinyume na hii, yaani ambaye wasomaji wake wamelizoea jina la zamani na hawawezi kuhamia jina jipya, ilhali programu zake ni chache na zinajulikana. Tumia ALTER VIEW taarifa_wateja RENAME TO taarifa_wateja_msingi, kisha unda taarifa_wateja mpya juu yake kwa mpangilio mpya, yote ndani ya muamala mmoja. Mionekano tegemezi itaufuata ule wa zamani wenye jina jipya, kwa kuwa PostgreSQL huutambua kwa kitambulisho chake cha ndani na halizingatii jina. Ruhusa nazo zitabaki na ule wa zamani, kwa hiyo wape wasomaji ruhusa upya. Programu zinazotaja jina kwa maandishi zitapata mpangilio mpya, hivyo zirekebishe kwanza. Na kama zinatumia hoja zilizoandaliwa kabla zenye SELECT *, tarajia hitilafu inayosema kwamba mpango uliohifadhiwa hauwezi kubadilisha aina ya matokeo. Kufunga miunganisho na kuifungua upya huimaliza.

Mtunza_Majedwali alijibu:

Nimeunda taarifa_wateja_skrini jana jioni, safuwima 38, simu ikiwa kando ya jina na tarehe mbili zikiwa jirani. Kabla ya kuukabidhi nilitoa safumlalo 200 kutoka kila mwonekano, nikalinganisha kila safuwima kwa jina lake, nazo zote zimelingana. Maelezo ya kanuni aliyoipendekeza Nguzo_ya_Data nimeyaweka katika COMMENT ON VIEW.

Kazi ya usiku nayo nimeirekebisha, ingawa haikuwa lazima tena: sasa inataja safuwima zote 38 kwa majina pande zote mbili. Katika kuitaja moja moja niligundua kwamba safuwima ya 22 na ya 23, msimbo wa tawi na msimbo wa huduma, zote za aina ya text, zimekuwa zikiingia kwenye jedwali la kumbukumbu zikiwa zimebadilishana, kwa kuwa jedwali lile liliundwa kwa mpangilio mwingine na mtu aliyenitangulia. Jedwali hilo lina safumlalo za miaka miwili. Nitafungua mada nyingine kuhusu namna ya kuzisahihisha, na nitamwomba Jicho_Makini awepo.